Pointi za Mezani: Msimu wa 2023/24 na Kanuni Iliyobebeshwa Kazi Mbili

Ijumaa ya Novemba 17, 2023 hakukuwa na mechi ya Ligi Kuu ya England. Ligi ilikuwa imesimama kupisha timu za taifa. Hata hivyo msimamo ulibadilika. Asubuhi Everton walikuwa nafasi ya 14 na pointi zao 14. Hadi jioni walikuwa wa 19 wakiwa na pointi 4, wakiizidi Burnley kwa tofauti ya mabao tu. Tume huru ilikuwa imewakata pointi 10 kwa kupata hasara inayozidi kiwango kinachoruhusiwa, adhabu kubwa kuliko zote tangu ligi hiyo ianze mwaka 1992.

Toka siku hiyo hakuna aliyeusoma msimamo bila kuuliza maswali. Februari 26 rufaa ilizipunguza pointi 10 kuwa 6, Everton wakapanda bila kucheza. Machi 18 Nottingham Forest walikatwa 4, wakatumbukia chini ya Luton. Aprili 8 Everton walikatwa 2 nyingine kwa kosa la pili. Mei 7, zikiwa zimebaki mechi mbili, rufaa ya Forest ilitupwa. Na bado kipande kimoja cha shauri la Everton kiliahirishwa hadi msimu uishe.

Mkanganyiko ulienea kote ligi hiyo inakotazamwa, kuanzia mitaa ya Liverpool hadi vibanda umiza vya Dar es Salaam na Mwanza. Kwa nini Everton waadhibiwe na Manchester City, wenye mashtaka zaidi ya 100, wabebe kombe? Kwa nini Chelsea, waliotumia zaidi ya pauni bilioni moja tangu wamiliki wapya waingie mwaka 2022, wasiguswe? Na kama 10 zilikuwa haki, ziligeukaje kuwa 6?

Swali la City lina jibu jepesi, tulimalize kwanza. Everton na Forest walikiri kuvuka kiwango. Lililobaki lilikuwa kiasi gani na adhabu gani. City wanakanusha kila kitu, mashtaka yao ya Februari 2023 yanagusa misimu kuanzia 2009, na kiini chake ni tuhuma kwamba taarifa za fedha hazikuwa za kweli. Shauri la namna hiyo linahitaji mashahidi na mafaili ya miaka mingi, na lilianza kusikilizwa Septemba 2024, msimu tunaouzungumzia ukiwa umekwisha. Kwamba jibu lipo hakumaanishi kwamba linaridhisha. Mtu anayekiri anahukumiwa haraka, anayekanusha anapata muda. Mashabiki waliliona hilo na hawakukosea.

Maswali mengine ni magumu zaidi, kwa sababu yanaishia kwenye kanuni yenyewe.

Kanuni inasemaje, na ilitoka wapi

Kanuni ya Faida na Uendelevu, ambayo wengi huiita PSR, iliingia Ligi Kuu mwaka 2013. Klabu hairuhusiwi kupata hasara inayozidi pauni milioni 105 ndani ya kipindi cha miaka mitatu, yaani milioni 35 kwa mwaka. Na kuufikia ukomo huo lazima mmiliki aweke fedha zake klabuni kama mtaji; bila hivyo ukomo ni milioni 15 kwa miaka yote mitatu. Kila mwaka ambao klabu ilikuwa daraja la chini, milioni 35 zinashuka kuwa 13. Forest, waliopanda mwaka 2022 baada ya miaka 23 nje ya Ligi Kuu, walikuwa na ukomo wa milioni 61: 13, na 13, na 35.

Si kila shilingi inahesabiwa. Fedha za timu za vijana, soka la wanawake, huduma za jamii na ujenzi wa miundombinu huondolewa kwenye hesabu. Kinachobaki ni biashara ya kikosi cha kwanza: mishahara, usajili, na mapato ya kulipia hivyo.

Asili yake ni makaburi. Leeds walicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2001 kwa fedha za mkopo zilizotegemea kwamba wangerudi huko kila mwaka. Hawakurudi, na mwaka 2004 walishuka daraja. Portsmouth walibeba Kombe la FA mwaka 2008, na miaka miwili baadaye wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu kushindwa kulipa madeni hadi kukabidhiwa kwa wasimamizi. Walikatwa pointi 9 na kushuka. Katika madaraja ya chini hali ilikuwa mbaya zaidi, hata baada ya kanuni kuanza: Bury walifukuzwa ligi Agosti 2019, baada ya miaka 125.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kanuni ni kuzuia klabu zisife. Lakini tangu mwanzo ilibebeshwa kazi ya pili: kuzuia tajiri asinunue ushindi kwa fedha ambazo klabu yenyewe haijazizalisha. Kazi hizi zinafanana kwa mbali tu. Klabu inaweza kuwa salama kabisa kifedha, mmiliki akilipa kila deni kwa fedha taslimu, na bado ikavuruga ushindani. Nyingine inaweza kuheshimu ukomo wa hasara kila mwaka huku ikizama kwenye madeni. Kutumia kanuni moja kwa yote mawili ni sawa na kuchukua panga la buchani ukanyolee nalo ndevu. Zogo la msimu wa 2023/24, kwa maoni yangu, lilianzia hapo.

Hoja ya wanaoitetea

Watetezi wa kanuni wana hoja nzito kuliko mashabiki wa Everton wanavyotaka kukubali. Msimu wa 2021/22 Everton walimaliza na pointi 39, Burnley walishuka na 35. Msimu uliofuata Everton walisalia kwa 36, Leicester wakashuka na 34. Kipindi cha kosa la kwanza kiliishia Juni 2022, na hasara iliyohesabiwa ilikuwa milioni 124.5, yaani 19.5 juu ya ukomo. Burnley waliobana matumizi wana haki ya kuuliza: mshambuliaji aliyelipwa kwa hizo 19.5 ndiye aliyetushusha? Hakuna anayeweza kuthibitisha, lakini swali si la kijinga. Klabu tano, yaani Burnley, Leeds, Leicester, Southampton na Forest, zilitajwa kuwa na nia ya kudai fidia. Mbili kati ya hizo, Forest na Leicester, zilishtakiwa zenyewe kabla msimu haujaisha. Ndiyo dunia ya soka.

Hoja ya pili ni kuhusu aina ya adhabu. Faini haimuumizi bilionea. Kwake ni gharama nyingine ya usajili. Pointi ndiyo sarafu pekee inayouma sawa kwa tajiri na maskini. Tume ilisema wazi kwamba kosa la kutumia kupita kiasi linaipa klabu faida ya kimichezo, hivyo adhabu nayo iwe ya kimichezo.

Tatu, hakuna aliyeshtukizwa. Kanuni hutungwa na klabu zenyewe, na huhitaji kura 14 kati ya 20. Everton na Forest walizijua namba miaka mingi kabla. Forest walisajili wachezaji kwa wingi walipopanda 2022, kiasi kwamba hata wafuatiliaji wa karibu walishindwa kuwataja wote, na hesabu yao ilivuka ukomo kwa milioni 34.5.

Lakini hoja hizi zina udhaifu mmoja mkubwa, na ni wakati. Kama Burnley walidhulumiwa mwaka 2022, kuikata Everton pointi Novemba 2023 hakuwarudishii kitu. Burnley walishuka, wakapanda, na walikuwa wanashuka tena wakati adhabu inatolewa. Ambaye angeweza kunufaika na pointi za Everton msimu wa 2023/24 ni Luton, ambao mwaka 2022 walikuwa daraja la pili na hawakudhulumiwa na yeyote. Ligi ililiona tatizo hilo ikabadili ratiba: hesabu ziwasilishwe kufikia Desemba 31 na shauri liishe ndani ya msimu. Dawa ilikuwa sahihi, ila kwa Everton dozi mbili ziliangukia mwaka mmoja, kesi ya kwanza kwa ratiba ya zamani na ya pili kwa ratiba mpya, huku miaka miwili kati ya mitatu ya kila kesi ikiwa ile ile. Tume ya pili ililizingatia hilo ilipoishia kwenye pointi 2.

Hoja ya wanaoipinga

Wapinzani huanza na ngazi iliyovutwa juu. Ukomo wa milioni 105 haujabadilika tangu 2013. Mwaka huo usajili ghali kuliko wote uliofanywa na klabu ya England ulikuwa wa Mesut Özil kwenda Arsenal, pauni milioni 42.5. Kufika mwaka 2023 Chelsea walivuka milioni 100 mara mbili katika mwaka mmoja, kwa Enzo Fernández na Moisés Caicedo. Declan Rice naye alikwenda Arsenal kwa milioni 105 pamoja na nyongeza. Soma tena namba hiyo: bei ya kiungo mmoja inalingana na hasara yote ambayo klabu inaruhusiwa kupata kwa miaka mitatu. Mapato, bei na mishahara vimepanda. Ukomo umebaki pale pale, maana yake unashuka kila mwaka bila kupigiwa kura.

Anayeumia ni yule wa kati. Manchester City waliingiza zaidi ya pauni milioni 700 katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023; Everton waliingiza karibu milioni 172. Anayeingiza 700 anaweza kutumia 700 bila hasara hata ya senti moja. Anayeingiza 172 akitaka kumfikia lazima apate hasara kwanza, na hasara ndiyo iliyokatazwa. Newcastle, wanaomilikiwa tangu Oktoba 2021 na mfuko wa serikali ya Saudi Arabia, wana mmiliki anayeweza kununua ligi nzima, na bado wanahesabu senti. Wapo watakaosema hapo kanuni imefanya kazi nzuri. Inategemea unaogopa nini zaidi: fedha za dola kuingia kwenye mpira, au wakubwa wa jana kubaki wakubwa wa milele.

Pia kuna hali halisi ya Everton. Walikuwa wanajenga uwanja mpya Bramley-Moore Dock, na walibishana na ligi kuhusu riba ya mikopo iliyotumika: ni gharama ya ujenzi, inayoondolewa, au ni gharama ya kawaida? Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, udhamini wa kampuni za Alisher Usmanov ulisitishwa, na mamilioni yakayeyuka. Tume ya kwanza haikutaka kuhesabu sababu nyingi za aina hiyo, kwa hoja kwamba biashara ina hatari zake na klabu ilichagua kutembea karibu na ukingo. Ni hoja ya kisheria iliyonyooka. Ila inaonyesha kwamba kanuni iliyobuniwa kuwazuia wazembe haijui kutofautisha mzembe na aliyepatwa na ajali akiwa mzembe.

Udhaifu mkubwa kuliko yote, ambao haukuzungumzwa vya kutosha msimu ule, ni kwamba PSR haitazami deni. Mwanzoni mwa msimu mmiliki wa Everton, Farhad Moshiri, alikubali kuiuza klabu kwa kampuni ya Marekani ya 777 Partners, iliyoendelea kuikopesha klabu fedha za kuendeshea shughuli huku ikisubiri kibali. Kibali hakikuja, na mwishoni mwa Mei 2024 mpango ukafa. Hicho ndicho kilikuwa kitisho halisi kwa uhai wa klabu: mikopo juu ya mikopo, mnunuzi ambaye uwezo wake ulitiliwa shaka, na uwanja ambao haujakamilika. Kanuni inayosema inalinda uhai wa klabu haikugusa hata kimoja. Badala yake iliongeza hatari ya kushuka daraja, na kushuka ndiko kungekata mapato ambayo wadai wote walikuwa wanayategemea.

Wahasibu wanapoingia uwanjani

Ili kuelewa kwa nini Chelsea hawakukatwa pointi ni lazima kuelewa hesabu inavyoandikwa, na hapa ndipo shabiki wa kawaida alipopotea.

Ukimnunua mchezaji kwa milioni 100 na kumpa mkataba wa miaka mitano, kitabuni huandiki 100 mwaka huo. Unaandika 20 kila mwaka. Ukimpa miaka minane, unaandika 12.5. Chelsea waliwapa Fernández na Caicedo mikataba ya zaidi ya miaka saba, na bei kubwa ikaonekana ndogo. Desemba 2023 klabu zilipiga kura kwamba mgawanyo usizidi miaka mitano, ila kwa mikataba mipya tu. Waliowahi, waliwahi.

Kuuza ni kinyume chake: faida yote huingia kitabuni siku hiyo hiyo. Na mchezaji uliyemlea mwenyewe, kwa kuwa hukumnunua, bei yake karibu yote ni faida. Aston Villa ndio mfano mzuri. Mwaka wa fedha wa 2022/23 walipata hasara ya pauni milioni 119.6, zaidi ya ukomo wa miaka mitatu kwa mwaka mmoja tu. Hawakushtakiwa. Agosti 2021 walikuwa wamemuuza Jack Grealish, kijana wao tangu utotoni, kwa milioni 100, na mauzo hayo yalikuwa bado ndani ya dirisha la miaka mitatu. Msimu wa 2023/24 Villa walimaliza wa nne na kurudi kwenye mashindano makubwa ya Ulaya ambayo hawakuwa wameyacheza tangu msimu wa 1982/83. Everton walipata hasara, Villa walipata hasara. Tofauti yao ni tarehe ya kuuza.

Forest waliangukia tarehe. Brennan Johnson, zao la timu yao ya vijana, aliuzwa Tottenham Septemba 1, 2023 kwa milioni 47.5. Vitabu vilikuwa vimefungwa Juni 30. Walikuwa wamekataa ofa ndogo zaidi majira yale ya joto wakisubiri bei nzuri, wakaipata, miezi miwili baada ya muda. Walijitetea kwamba kusubiri ndiko uendelevu wenyewe: klabu gani yenye akili huuza kwa bei ya chini ili kupendeza kalenda? Tume haikuwakubalia, na kisheria sioni ingewezaje. Kiuchumi Forest walikuwa na hoja. Kanuni iliyopewa jina la uendelevu iliwataka wakubali fedha kidogo.

Chelsea hawakuhitaji hata mchezaji. Hesabu zao zilizotoka Aprili 2024 zilionyesha kwamba waliuza hoteli mbili za pale Stamford Bridge kwa kampuni dada, chini ya mmiliki yule yule, kwa pauni milioni 76.5. Fedha zimetoka mfuko wa kushoto zikaingia wa kulia, na hasara imepungua. Klabu za daraja la pili zilikuwa tayari zimekatazwa mbinu hiyo. Ligi Kuu ilipoletewa pendekezo la kuizuia Juni 2024, kura 14 hazikupatikana. Mwisho wa mwezi huo huo ndipo dunia ikaona biashara ya vijana: Villa na Everton wakibadilishana Tim Iroegbunam na Lewis Dobbin, Villa na Chelsea wakiuziana Ian Maatsen na Omari Kellyman, Newcastle wakimpeleka Elliot Anderson Forest huku kipa Odysseas Vlachodimos akienda upande wa pili. Kila upande uliandika faida leo na kuigawa gharama kwa miaka ijayo. Anderson alikuwa mtoto wa nyumbani, kijana ambaye klabu inayojali kesho yake ingemng'ang'ania. Kanuni ilimfanya awe wa kwanza kuuzwa.

Kwa nini 10, kwa nini 6, kwa nini 4

Hakukuwa na jedwali la adhabu. Ligi ilipendekeza kwa tume fomula yake: anza na pointi 6, ongeza moja kwa kila milioni 5 za ziada. Tume ikaikataa, ikasema itapima yenyewe, ikapima 10. Bodi ya rufaa iliona makosa mawili: tume iliihesabia Everton kosa la kutokuwa wakweli bila msingi, na haikutazama vya kutosha viwango vilivyokuwapo kwingine, hasa mwongozo wa madaraja ya chini. Zikabaki 6. Ikumbukwe Portsmouth, waliofikia kushindwa kulipa madeni kabisa, walikatwa 9. Ilikuwa vigumu kueleza kwa nini waliozidisha milioni 19.5 wapewe zaidi ya hapo.

Kisha wakaja Forest. Walizidisha milioni 34.5 juu ya ukomo wa 61, zaidi ya nusu yake. Everton walizidisha chini ya moja ya tano ya ukomo wao. Forest walikatwa 4. Tume ilianzia 6 na kupunguza 2 kwa sababu walikiri mapema na kushirikiana. Mashabiki wa Everton waliona kichekesho, lakini mantiki ipo: mahakama zote humpunguzia anayekiri. Kasoro iko kwenye mwanzo. Kama 6 ni kianzio cha aliyezidisha 19.5 na pia cha aliyezidisha 34.5, ukubwa wa kosa unapungua thamani, na aliyekwisha kuvuka ukomo kidogo hana sababu kubwa ya kujizuia asivuke zaidi.

Gharama ya kukosa jedwali ilikuwa imani. Novemba 26 Goodison Park ilijaa vibao vya rangi ya waridi vilivyoishutumu ligi kwa ufisadi; dakika ya tatu Alejandro Garnacho wa Manchester United akafunga kwa tikitaka ambayo ingestahili kuwa habari pekee ya siku, na haikuwa. Aprili 21 Everton waliwafunga Forest 2-0, Forest wakanyimwa penalti tatu walizozidai, na klabu yenyewe ikaandika hadharani kwamba mwamuzi wa VAR alikuwa shabiki wa Luton. Walitozwa faini ya pauni 750,000 baadaye. Maneno yao hayakuwa na utetezi, ila yalitoka mahali panapoeleweka: pointi zinapotolewa na kurudishwa ofisini, kila filimbi hushukiwa.

Msimamo wa mwisho unasema nini

Everton walimaliza wa 15 kwa pointi 40. Bila makato wangekuwa na 48 na nafasi ya 12. Forest walimaliza wa 17 kwa 32. Bila makato wangekuwa na 36 na nafasi ile ile ya 17. Luton walishuka kwa 26, Burnley 24, Sheffield United 16. Hata kama pointi 10 za mwanzo zisingepunguzwa, Everton wangebaki na 36 na wasingeshuka. Makelele yote ya miezi sita hayakumshusha wala kumpandisha mtu.

Sababu yake ndiyo jambo zito zaidi la msimu ule. Timu zote tatu zilizopanda zilirudi chini, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu msimu wa 1997/98. Sheffield United walifungwa mabao 104, rekodi ya Ligi Kuu. Luton, wenye uwanja mdogo wa Kenilworth Road na bajeti ya kuhurumiwa, walitii kila kanuni. Klabu hiyo inaijua adhabu ya pointi kuliko yeyote: msimu wa 2008/09 ilikatwa 30 na kutupwa nje ya mfumo wa ligi za kulipwa. Safari hii walikuwa wasafi, wakashuka. Forest waliovunja kanuni walisalia. Kama wewe ni mmiliki wa klabu inayopanda, somo ni lipi? Vuka ukomo, kiri mapema, lipa pointi 4, ubaki kwenye ligi ambayo hata wa mwisho hupata zaidi ya pauni milioni 100 za mgao. Hesabu hiyo mtoto wa shule anaimaliza.

Upande wa juu hali ilikuwa hivyo hivyo. City walibeba kombe kwa pointi 91 dhidi ya 89 za Arsenal, ubingwa wa nne mfululizo ambao hakuna klabu ya England iliyowahi kuufikia. Kanuni ya ushindani iliyokuwapo kwa miaka 11 haikuzuia hilo, na mashtaka yao hayakuwa hata yameanza kusikilizwa.

Ilichofanikiwa ni kutisha. Dirisha la Januari 2024 klabu zilitumia karibu pauni milioni 100, wakati Januari iliyotangulia zilitumia 815. Kwa wanaotaka nidhamu, huo ni ushindi wa kweli na si haki kuudharau.

Kupima uzito

Kwenye kazi ya kuzuia klabu zisife, hasara ya kitabuni ni kipimo kibovu. Kinachoua klabu ni ukosefu wa fedha taslimu na deni lisilolipika, na hivyo vinahitaji mmiliki kuweka dhamana mapema, mikopo kuchunguzwa kabla haijachukuliwa, na mnunuzi kuhojiwa kwa haraka. Kazi hiyo haifai kuachiwa klabu 20 zinazopigiana kura, na ndiyo sababu Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 2025 sheria ya kuunda msimamizi huru wa soka. Kukata pointi hapa hakusaidii kitu; unamwongezea mgonjwa ugonjwa.

Kwenye kazi ya ushindani pointi zina mantiki, kwa masharti matatu ambayo msimu wa 2023/24 uliyakosa: jedwali la adhabu lijulikane kabla ya kosa, adhabu iangukie msimu ambao faida ilipatikana au ulio karibu nao, na mianya ya hoteli na makampuni dada izibwe. Bila sharti la tatu, mawili ya kwanza yanawakamata tu wasio na mali ya kujiuzia. Pale ambapo muda umepita, zuio la kusajili ni adhabu bora kuliko pointi, kwa sababu humrudisha mkosaji kwenye kikosi ambacho angeweza kukilipia bila kumpa zawadi timu isiyohusika.

Klabu zenyewe zimechagua njia nyingine. Novemba 2025 zilipiga kura kuiacha PSR kuanzia msimu wa 2026/27 na kufuata kipimo cha gharama za kikosi: mishahara na usajili visizidi asilimia 85 ya mapato ya soka na faida ya kuuza wachezaji. Ni afadhali kwa maana ya uwazi, maana mauzo ya hoteli hayana nafasi humo na hesabu inafuata msimu uliopo. Pendekezo la kufunga matumizi ya wote kwa kipimo cha mapato ya klabu ya mkiani lilikataliwa. Kwa hiyo chukua zile namba za 2023 uziweke kwenye kanuni mpya: asilimia 85 ya milioni 700 ni 595, ya milioni 172 ni 146. Tofauti ya milioni 449 kwa mwaka ni halali kabisa, na hakuna tume itakayoulizwa kuhusu hilo.